Helmeti Iliyogeuka Nyekundu

Siku hizi helmeti ikishapigwa kwa nguvu hugeuka nyekundu, na pikipiki haiwaki tena mpaka uibadilishe. Nakunda, dereva wa bodaboda pale Mwanga, aliikuta yake nyekundu asubuhi, ikining'inia ukutani alipoitundika. Hakuwa ameanguka.

"Labda imezeeka," alisema mumewe, Elinihaki, akikoroga uji.

Dukani, fundi aliipima akashangaa. "Dada, hii ilipigwa jana jioni. Na ndani yake kulikuwa na kichwa cha mtu."

Jana jioni Nakunda alikuwa amelala kwa uchovu. Njiani akacheka peke yake: kumbe mume wangu anajifunza pikipiki kwa siri! Akarudi na helmeti mpya, akaanza utani tangu mlangoni.

"Umeanguka wapi, Baba Eliana?"

"Pale uwanjani," Elinihaki akakiri, naye akicheka. "Kidogo tu. Sikuumia."

Akamsogezea kiti, akammiminia uji. Kisha akamtazama kwa upole, kwa heshima anayopewa mgeni.

"Karibu sana, dada. Mke wangu atarudi sasa hivi."