Mguu Kwenye Kioo

Seenoi alibonyeza kitufe, na maduara yote aliyochora yakaungana yakawa mguu. Lakini mguu wenyewe ulikuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa.

Baba yake, aliyeketi pembeni yake katika darasa la kompyuta pale Karatu, akageuza uso. Hivyo hivyo ndivyo nyati alivyouacha mguu wake wa kulia kule Soitsambu. Siku ile mzee hakuwa na fahamu. Seenoi ndiye aliyewaambia madaktari wakate.

Maduara haya alikuwa ameyapima kwa uzi kwenye mguu uliobaki, ili baba achongewe wa bandia.

"Usijali, wanaoanza wote hukosea hapo," mwalimu alisema. "Nukta ambapo kila duara linaanzia hazijakaa mstari mmoja. Zipange tu."

Seenoi akazivuta moja moja, kutoka goti hadi kifundo. Mguu ukajisokotoa taratibu, ukanyooka, shavu la mguu likatuna kama la mtu anayeshinda nyuma ya ng'ombe.

Mzee akasogeza uso karibu na kioo. Mkono wake ulikuwa unapapasa shuka, pale palipo patupu.

"Kumbe hata wangu ungenyooka, mwanangu."