Udongo wa Kwanza

"Marehemu alizaliwa Nyamahanga, Biharamulo," katekista alisoma wasifu kando ya kaburi. Selestina akainamisha kichwa. Uongo huo mumewe aliutunga mwenyewe siku alipovuka mpaka kutoka Burundi, na Bugarama nzima ikaumeza. Mtu aliyewachimbia visima vitatu, nani angemuuliza kwao hasa ni wapi?

Lakini mwaka huu wa tisini na saba amri imetoka: kila aliyetoka ng'ambo ya mpaka ahamie kambi ya wakimbizi, yeye na watoto wake. Mtendaji wa kijiji alikaa mstari wa mbele, daftari la kuwaorodhesha magotini.

Katekista akakunja karatasi. "Ndugu wa kuzaliwa naye atupe udongo wa kwanza."

Watu wakaanza kutazamana. Asiyetupiwa udongo na damu yake huzikwa kama maiti ya kuokotwa.

Nyuma ya wote, mzee mmoja wa kambini, aliyefika asubuhi bila kujitambulisha, alikuwa ameshajaza kiganja. Hakusogea. Alimtazama Selestina tu, udongo mwekundu ukimchuruzika vidoleni. Pua ile, masikio yale, ni marehemu mtupu.

Binti mkubwa wa Selestina akambana mkono. "Mama, nyamaza."

Selestina aliutazama udongo ukiisha. Akajinasua, akapita mbele ya mtendaji, akamshika mzee mkono.

"Shikamoo, shemeji," alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Njoo umzike mdogo wako."

Mtendaji akafungua daftari.