Msamaha wa Mara ya Pili

Tangu kila ndoa igeuzwe kipindi cha runinga, mke na mume hawahesabiwi wamepatana mpaka watazamaji waone. Shomari alipomwomba mkewe, Mwanakheri, radhi kwa kumtukania mama yake, aliinamisha uso. Bahati mbaya, mvuke wa wali ulikuwa umeziba kamera ya jikoni.

“Rudieni,” mwongozaji akaamuru kutoka kipaza sauti cha darini. “Na mume alie.”

“Arudie nini?” Mwanakheri akafoka. “Nimeshamsamehe! Mnataka nimnunie upya ili nyie mshibe? Hamna hata haya?”

Akamgeukia mumewe amuunge mkono. Shomari alikuwa ameshapiga magoti, uso kauelekeza kwenye taa, machozi yakimtiririka. Mara ya kwanza hakutoa hata tone.