Taa ya Kushoto

Swala aliyegongwa waliwahi kumchinja. Taa ya kushoto ya basi ndiyo iliyokufa bila kusomewa chochote, na hiyo ndiyo iliyomuuma Huseni.

Alikuwa mmoja wa wale waliokimbilia biashara ya mabasi mara tu serikali iliporuhusu watu binafsi. Shamba zima la mikorosho la marehemu babake liligeuka basi dogo la mtumba kutoka Dubai, la kwenda na kurudi kati ya Kibiti na Mloka. Kila asubuhi alilifuta vumbi kwa kanzu yake kuukuu. Sasa lilimtazama kwa jicho moja.

"Kwa nini hukumkwepa?" alifoka.

"Tajiri, swala hakwepwi," alisema Mtoro, dereva aliyezeekea kwenye malori ya shirika la umma. "Unabana breki, unanyoosha usukani, akigongwa kagongwa. Ukikata kona kwenye mchanga ule, gari inakwenda inakotaka yenyewe."

"Na taa nitaitoa wapi mie?"

Abiria wote walikuwa wamefika salama, tena na nyama mkononi. Hilo Huseni hakutaka hata kulisikia. Alipokea ufunguo, akampa Ukasha, kijana machachari wa kutoka Dar es Salaam. Mtoro akarudi kulima ufuta kando ya barabara ileile.

Taa mpya ilipopatikana, Huseni alimpa Ukasha maagizo matatu. Swala akitokea, amkwepe. Akitokea wa pili, amkwepe naye. Na akifika Mloka ampakie Warda, binti yake, aliyekuwa anakuja kujifungulia hospitali ya Mchukwi.

"Mweke kiti cha mbele," alisisitiza. "Huko nyuma kunarusha."

Siku hiyo alasiri basi lilichelewa. Mkewe, Mwanawetu, alikwishatandika kitanda cha mwanawe, akaingia jikoni kukoroga uji. Huseni alisimama barazani roho juu, akitega sikio kila gari liliponguruma. Badala ya basi akatokea Mfaume, muuza samaki, juu ya baiskeli, shati limemganda mwilini kwa jasho.

"Mzee Huseni, swala..."

"Kagongwa?"

"Hakugongwa. Ukasha kamkwepa."

"Taa je?"

"Nzima. Zote mbili."

Huseni akashusha pumzi, kisha akacheka mpaka akajipiga paja. "Mwanawetu! Njoo usikie! Huyu ndiye dereva, siyo yule mzee wa kunivunjia vyombo!"

Mfaume hakucheka. Alikuwa akimtazama Mwanawetu, aliyetoka na mwiko mkononi.

"Warda yuko wapi?" mama aliuliza.

"Gari iko miguu juu, mama, kule bondeni. Mtoro ndiye anayewatoa watu." Mfaume akaegemeza baiskeli ukutani. "Wa nyuma wamepona wote."