Anayehesabu Watu

Kabla ya alfajiri, kitu kiligusa ukuta wa bati. Tak. Kikasogea kidogo. Tak. Kilikuwa kikiutafuta mlango.

Yusta aliketi kitandani. Shangazi yake, Grasiana, alifungua. Nje alisimama mzee Kisemei na fimbo yake.

"Yule mtoto anayehesabu watu yupo?"

"Yupo, mzee. Kuna nini saa hizi?"

"Aje zizini kwangu. Peke yake."

Yusta alilijua kosa lake. Alikuwa kidato cha tano huko Korogwe, na alitaka kuwa kocha. Mwalimu Athuman alimwazima filimbi yake mwenyewe, akampa na daftari la kuandika mazoezi ya kila siku. Afundishe timu likizo nzima. Akirudi na daftari limejaa, mwalimu atamwombea nafasi kwenye kozi ya ukocha. Basi akaja Handeni kwa shangazi, akakusanya wasichana kumi na wawili, na kila jioni aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Hakuna aliyemwambia kwamba Wamaasai wa pale hawahesabu watu.

Jana mzee alikuja kiwanjani, ambako ni malisho yake, akafoka.

"Unahesabu watoto wa wenzako! Unataka wapungue? Sisi hata ng'ombe hatuhesabu. Mtu anawajua walio wake kwa kuwatazama!"

Maneno yalimlenga Yusta, lakini muda wote mzee alimkazia macho Naitoi, mjukuu wake mwenyewe, kana kwamba mgeni hakustahili hata kutazamwa.

Kiwanja kikifungwa, daftari litabaki na kurasa tisa tu. Na fimbo ile, je?

Shangazi alivua kanga yake, akamfunika Yusta mabegani. "Ukiona mambo mabaya, piga hiyo filimbi. Nitakuja hata na mwiko."

"Tangulia," mzee alisema. Akamfuata karibu mno, fimbo ikimgusa visigino njia nzima. Yusta hakuthubutu kugeuka.

Zizini, mzee alivuta lango la miiba, likafungwa nyuma yao.

"Babu, nisamehe, sikujua," Yusta alisema, machozi yakimtoka. "Nitawaomba radhi wazazi wote. Usitufungie kiwanja."

"Shh! Utawaamsha wanangu."

Ng'ombe mmoja akapumua kwa nguvu.

"Haya, hesabu," mzee alisema.

"Nihesabu nini, babu?"

"Ng'ombe. Gusa mmoja mmoja, kama unavyowagusa wale watoto. Kwa sauti ndogo."

Yusta alipita katikati yao, akigusa migongo yenye joto, akihesabu kwa kunong'ona. Alipofika arobaini na moja, kulikuwa kumeshapambazuka.

"Arobaini na moja, babu."

"Na yule mweupe mwenye mabaka mekundu, yupo?"

Yusta alidhani anategwa. Ng'ombe huyo alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya uso wa mzee, na macho ya mzee yalikuwa wazi.

"Yupo, babu," alijibu taratibu. "Yupo hapo mbele yako."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Kiwanjani chezeni tu." Kisha akanong'ona: "Jioni ng'ombe wakirudi, uje tena, mwalimu. Wanangu wakikuuliza, sema umekuja kumtembelea Naitoi."