Upindo wa Vidole Vinne

Binti wa kaka yangu alinitandazia sketi yake ya shule juu ya cherehani. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi hadi marinda yakanyooka.

"Shangazi, ipunguze imtoshe mdogo wangu."

"Na wewe Jumatatu utavaa nini?"

"Sitaihitaji."

"Unahama shule?"

"Hapana."

Nikachukua mkasi huku nikibwata kwamba watoto wa siku hizi wanachezea vitu. Nikageuza sketi. Upindo wa vidole vinne niliomwachia mwaka jana, ili akue nao, ulikuwa haujafumuliwa.

Juzi mdogo wake alikuja kuniringishia saa aliyopewa na dada. Jana, viatu. Na muhula mzima sijamwona huyu akipita hapa na mwenzake hata mmoja.

Nikaweka mkasi chini. Nikafunga mlango wa duka mchana kweupe, wateja wakiguna nje. Nikamketisha, nikavuta kigoda changu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Aliushika ule upindo, akawa anaukunjakunja vidoleni.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," alisema.