Udongo Mfukoni mwa Koti Jeupe

Mama Ethel alilikung'uta koti jeupe mara ya kwanza, likatoa vumbi jekundu. Akalikung'uta tena, mfukoni kikadondoka kipande cha udongo, kimeng'atwa pembeni.

Hakuhitaji kuuliza ni udongo gani. Mama huyu ana pua inayonusa ubwabwa unaopikwa Newala yeye akiwa amekaa zake Chidya. Sembuse udongo wa kula, ule wanaoununua wajawazito sokoni na kuutafuna kama karanga!

Na koti lilikuwa la binti yake, la maabara. Alipokuja likizo juzi alilitundika sebuleni, juu ya koti la baba yake, maana nyumba ile ina msumari mmoja tu wa kuaminika.

"Ethel! Njoo unitajie jina la mwanamume."

"Mwanamume gani, Mama?"

"Huyo aliyekutia hamu ya udongo."

Ethel alitoka chumbani na daftari la kemia mkononi. Jumatatu alitakiwa kupanda basi kurudi chuo, na mtihani ulikuwa unamngoja hukohuko. Asipoufanya, anarudia mwaka.

"Huo si wangu, Mama."

"Umetoka mfukoni mwako lakini si wako! Basi Jumatatu hapandi mtu basi mpaka nilisikie hilo jina. Na huyo mwanamume aje mwenyewe, na wazee wake."

Mzee Charles, baba mtu, mzee wa kanisa anayeheshimika mpaka Lukuledi kwa Wakatoliki, alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Akasimama, anahema.

"Mama Ethel, nina neno."

"Neno lako utalisema Jumapili. Unamwona baba yako, Ethel? Siku hizi akibeba ndoo moja lazima akae chini. Usiku halali, anageukageuka kama chapati. Yote hayo ni wewe, unampa mawazo."

"Mama, mimi nimefika juzi."

"Mawazo yanatangulia."

Ethel alivuta pumzi. Akaketi kwenye mkeka, akaongea polepole, kama anavyoongea mtu na mbwa asiyemjua.

"Mama, kutamani udongo si lazima iwe mimba. Mara nyingi ni damu kukosa chuma."

"Chuma cha nini? Cha jembe?"

"Chuma hichohicho. Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa himoglobini. Chukulia mafiga. Yetu ni matatu, ya kule ni manne, ya naitrojeni. Katikati yake kimekaa chuma. Hewa unayoivuta inakuja kushika pale kwenye chuma, inabebwa mwili mzima. Sasa chuma kikipungua, wengine hamu ya udongo inawashika. Na wakiula, udongo nao unakikamata chuma cha chakula humohumo tumboni, hakipiti. Mtu anazidi kupungukiwa, anazidi kutamani."

"Inaua?" Mzee Charles aliuliza kutoka dirishani.

"Ikiachwa muda mrefu, Baba, moyo unaelemewa."

"Baba Ethel, usimpe mwanya!" mkewe alidakia. "Mafiga manne! Nani kayaona? Na umemsikia mwenyewe, amekiri."

"Sijakiri, nimeeleza. Twende Masasi, hospitali. Nipimwe mimba, nipimwe na damu. Majibu yakiwa safi, utaniacha nipande basi?"

"Yakiwa safi nitakubebea begi mwenyewe, kichwani, mpaka stendi, watu wanione."

"Hospitali ya nini tena?" Mzee Charles akaja juu. "Haya ni mambo ya ndani. Mwache mtoto asome!"

"Ndiyo maana ameharibika. Unamtetea mno. Vaa koti, tunaondoka."

Mzee akavaa koti lake.

Hospitalini, Ethel alitolewa damu, akapewa na kikopo. Wakakaa kwenye benchi nje ya maabara kungoja. Mama Ethel alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja. Mzee Charles aliketi, akainuka, akayatazama yale majabali yaliyo juu ya mji kama anayetafuta pa kuyapandia. Akarudi.

"Mama Ethel, kabla hawajatoka, lile neno langu..."

"Baba Ethel, niache nimwombe Mungu!"

Mzee akapotelea nyuma ya jengo. Aliporudi alikaa mwisho kabisa wa benchi, mgongo kwa familia yake.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mpimaji wa damu, Bwana Bwanali, mtu mzima mwenye miwani.

"Shikamoo," Ethel akasimama.

"Marahaba, binti. Niseme mbele ya wazazi?"

"Sema hapahapa," Mama Ethel alijibu, "nimeshika benchi."

"Mimba hakuna."

Benchi lilitoa mlio.

"Na damu?" Ethel aliuliza.

"Damu ipo tele. Kwa chuma ulicho nacho, binti, tungekufua ungetoka panga na chenji ya kisu. Nani kasema unakula udongo? Labda ulipokuwa unatambaa."

Mama Ethel alimvuta binti yake kifuani, akamkumbatia mpaka daftari likakunjika. "Nisamehe, mwanangu. Jumatatu unaondoka. Begi naanza kulibeba leo."

Kisha akamwachia. Akakunja uso.

"Sasa ule udongo ni wa nani? Baba Ethel, we unasemaje?"

Mzee Charles hakugeuka. Aliinua mkono kuomba asubiriwe kidogo, na wote watatu wakasikia kitu kikisagika taratibu chini ya meno ya mzee wa kanisa.